Aliyebeba Bahasha

Mama yangu alipona kansa ya titi. Naanza na jambo hilo kwa sababu ni la kweli, na kwa sababu watu waliokuwapo kanisani Jumapili ile ya mwaka 2018 bado wananikumbusha. Alisimama mbele ya usharika akiwa na kitenge kipya na kilemba kichwani, maana nywele zilikuwa hazijaota vizuri. Akatoa sadaka ya shukrani: mkungu wa ndizi, jogoo mmoja, na fedha ambazo hakutaka tujue ni kiasi gani. Kwaya ya akina mama iliimba. Baada ya ibada, kwenye mnada, mkungu ule ulinunuliwa mara tatu, kila aliyeununua akiurudisha uuzwe tena, mpaka watu wakacheka na mzee wa kanisa aliyekuwa ananadi akasema mkungu huu nao una ushuhuda wake.

Miaka minne baadaye tulimzika kihambani, pembeni ya kaburi la baba. Kansa haikurudi. Kilichomwondoa ni figo.

Tangu hapo nina swali moja ambalo nimelibeba kwenye maombi, kwenye vikao vya wazee wa kanisa, na mara mbili nimelipeleka kwa mchungaji wetu. Ni hili: watu wote waliomhudumia mgonjwa wanapotimiza wajibu wao, kila mmoja kwa sehemu yake, na mgonjwa akaumia katikati ya sehemu hizo, deni hilo ni la nani mbele za Mungu? Silileti hapa kwa kuwa nimelimaliza. Nalileta kwa kuwa najua katika usharika wowote wa Kilimanjaro, ukihesabu mabenchi, wapo watu wanaoishi maisha aliyoishi mama yangu, na wapo wengine wanaobeba bahasha kama nilivyobeba mimi.

Nieleze ilivyokuwa. Mama alikuwa na presha tangu mwaka 2009, na kisukari kikagunduliwa miaka michache baadaye. Mwaka 2017 akagusa uvimbe kwenye titi wakati anaoga. Alifanyiwa upasuaji, akawekewa dawa za dripu kwa awamu, zile zinazoondoa nywele na hamu ya kula, kisha akaandikiwa tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano. Kuanzia hapo akawa mtu wa kliniki tatu. Ya kansa ilikuwa kila baada ya miezi mitatu. Ya kisukari ilikuwa kila mwezi, siku ya Jumanne, mahali pengine. Presha alipimwa jirani na nyumbani, huko Old Moshi ya juu, kwa kuwa hapakuhitaji nauli na nesi wa pale alikuwa binti tuliyemfahamu tangu akiwa Sunday School. Kila mahali alikuwa na faili lake, namba yake na kadi yake. Sitataja majina ya sehemu hizo, wala sina neno baya juu ya watu wake. Walimpokea vizuri. Walimwita bibi. Mmoja wao alimnunulia soda siku sukari iliposhuka akiwa kwenye foleni.

Mimi nilikuwa mbebaji wa bahasha. Nilikuwa nimestaafu ualimu, naishi mjini, na kati ya watoto watano ndiye niliyekuwa karibu. Ilikuwa bahasha kubwa ya kaki, iliyochakaa pembeni na kuimarishwa kwa selotepu. Asubuhi ya kliniki niliichukua kwa mama, nikaikabidhi dirishani, na mchana nikarudishiwa ikiwa nzito kidogo kuliko asubuhi. Kulikuwa na karatasi za vipimo, picha za eksirei, barua za rufaa, risiti. Niliibeba kama mtu wa posta anavyobeba barua za watu, kwa uaminifu na bila kuzisoma.

Mwaka 2019 magoti yakaanza kumsumbua. Aliandikiwa diklofenaki kwa siku tano, zikamsaidia sana, akarudi kupalilia migomba yake. Siku tano zilipokwisha akaanza kununua mwenyewe duka la dawa, kidonge asubuhi na kidonge jioni, karibu miaka miwili. Mara nyingine nilimnunulia mimi. Nilijisikia mtoto mwema nilipompelekea.

Sasa, dawa za jamii ya diklofenaki hupunguza damu inayopita kwenye figo. Kijana mwenye afya akizimeza siku chache kwa jino, kwa kawaida hapati shida. Mzee mwenye kisukari na presha, ambaye figo zake tayari zimechoka, ni mtu mwingine kabisa. Na figo za mama zilikuwa zimechoka, na jambo hilo lilikuwa limeandikwa. Kliniki ya kansa ilikuwa inampima kreatinini, taka ambayo figo inapaswa kuichuja kutoka kwenye damu. Namba ikipanda, figo inapungukiwa nguvu. Namba ya mama ilikuwa inapanda polepole. Karatasi zenye namba hizo ziliingia kwenye bahasha, moja baada ya nyingine. Kwenye kisukari walimtoboa kidole na kuangalia sukari. Kwenye presha walimfunga mkono na kuangalia presha. Bahasha ilikuwa mapajani mwangu, kwenye benchi la kusubiria.

Mwaka 2021 akavimba miguu na uso, chakula kikawa kinamrudi. Tulipompeleka hospitali, daktari mmoja kijana alifanya jambo ambalo sikuwahi kuona likifanyika. Alimwaga bahasha yote mezani, akapanga karatasi kwa tarehe kama mtu anayepanga karata, akachukua kalamu akazungushia namba ileile kwenye kila karatasi. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, “Mzee, hizi zilikuwa zinasomwa na nani?”

Nimeulizwa maswali mengi katika miaka 34 ya ualimu. Hilo ndilo lililonishinda.

Alinieleza ukweli wote, nami namshukuru kwa hilo. Alisema kisukari na presha vingeweza kuzifikisha figo hapo hata bila vidonge vya magoti, ila vidonge vile viliharakisha. Kwa kiasi gani, yeye hangeweza kusema na hakuna atakayeweza. Mama alielezwa habari ya kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki. Alisikiliza, akauliza kama angelala nyumbani, akauliza nauli, kisha akasema, “Mwanangu, mimi niliahidi mbele ya kanisa kwamba nimemaliza hospitali.” Akarudi kihambani. Aliishi miezi saba.

Ndugu msomaji anaweza kusema kwamba hii ni bahati mbaya ya familia moja. Laiti ingekuwa hivyo. Utafiti uliofanyika kwetu huku Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 uliwakuta watu wazima 7 katika kila 100 wakiwa na ugonjwa sugu wa figo, na wengi wao hawakuwa wanajua. Presha na kisukari tunavijua. Hakuna msiba ambao hukosi kuvisikia. Na matibabu ya kansa yenyewe yana mkono wake. Dawa ya sisiplatini inaweza kuumiza figo, doksorubisini inaweza kudhoofisha moyo, na deksamethasoni wanayopewa wagonjwa kuzuia kutapika hupandisha sukari. Mzee wa kansa ya tezi dume anayechomwa sindano za kupunguza homoni yuko katika hatari zaidi ya kupata kisukari, na mifupa yake hupungua nguvu. Mwanamke anayeishi na virusi vya ukimwi ana hatari ya kansa ya mlango wa kizazi karibu mara sita ya mwenzake asiye navyo. Basi mtu aliyetoka kwenye kansa mara nyingi hatoki mikono mitupu. Anatoka na faili la pili na la tatu.

Na tatizo hili limekua kwa sababu ya neema. Zamani mgonjwa wa kansa wa huku alielekezwa Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500, na wengi walikata tamaa wakiwa stendi. Mwishoni mwa mwaka 2016 KCMC ilifungua kituo chake cha kansa hapa Moshi, na watu wakaanza kutibiwa wakiwa karibu na ndugu zao. Wanaopona wameongezeka. Na mtu anapopona ndipo anapopata nafasi ya kuzeeka, na kuzeeka ndiko kunakoleta magoti na presha. Swali langu ni swali la watu waliopona. Kwa walio kitandani tunajua cha kufanya: tunapika mtori, tunafanya zamu, tunachanga.

Nilipompelekea mchungaji swali hili mara ya kwanza, alinijibu kwa kunirudisha kwenye Luka sura ya 10, kwa Msamaria. Nilisikitika kidogo. Nilidhani nimepewa jibu la kila siku. Mfano ule tumeusikia tangu utoto, tena hospitali ya KCMC yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko chini ya shirika lenye jina la Msamaria Mwema. Lakini mchungaji akaniambia, “Nenda kasome habari za mwenye nyumba ya wageni.”

Nimekwenda, nimesoma, na bado nasoma. Katika mahubiri tunakaa sana barabarani, kwa kuhani na Mlawi na yule aliyelala nusu mfu. Tukifika kwenye nyumba ya wageni tunasema amina. Lakini tazama Msamaria alichofanya pale. Alikuwa ameshafunga majeraha. Sehemu yake angeweza kusema imekwisha. Akalala usiku mzima na mgonjwa. Asubuhi akamtafuta mwenye nyumba, akazungumza naye, akamwachia dinari mbili, akamwambia amtunze, na akasema kwamba atarudi na kulipa kitakachozidi. Angeweza kumwacha mtu mlangoni akaenda zake, na bado tungemsifu. Yeye alimkabidhi mtu kwa mtu, kwa maneno, akijua usiku ule alivyolala. Kisha akajifunga kwa ahadi ya kurudi. Yesu hakuona jambo hilo kuwa dogo, maana alilisimulia kwa kirefu, na mfano wenyewe ni mfupi.

Nami nikajipima hapo. Nauli nilitoa. Mafuta na divai nilinunua, hata vile vidonge. Kile ambacho sikufanya ni kusema na mwenye nyumba. Nilimwacha mama mlangoni pa kliniki tatu kwa miaka mitatu, na kila mlango ulidhani mlango mwingine unajua.

Nilijitetea, bila shaka. Mimi ni mwalimu wa jiografia; kreatinini ningeijuaje? Kuna kutojua ambako si dhambi, na sitaki mtu yeyote anayemuuguza mzazi wake asome maneno haya akaanza kujiadhibu kwa mambo ambayo hata wauguzi hayakuwafikia. Lakini kutojua kwangu kulikuwa na sehemu mbili. Maana ya namba sikuijua, na sikupaswa kuijua. Kwamba kliniki hizi hazizungumzi, hilo nililijua vizuri sana. Nililalamika nalo kwenye daladala. Niliona mama akiulizwa kila mahali “unatumia dawa gani?” na kujibu “zile ndogo nyeupe”, na nilikuwa nimekaa hapo hapo na bahasha. Ningeweza kusema, “Daktari, anatumia na hizi.” Maneno manne tu. Kaini alipoulizwa habari za ndugu yake alijibu kwa kuuliza kama yeye ni mlinzi wake. Nikiwa mkweli, mimi nilikuwa nimeshajibu kwa kukaa kimya.

Na wao je, wa kliniki? Hapa ndipo swali linapokuwa gumu, kwa sababu kila ukimshika mmoja, ana haki. Yule wa kansa alipima, akaandika, akatoa nakala. Yule wa kisukari alikuwa na watu sitini siku hiyo. Yule aliyeandika diklofenaki aliandika za siku tano, wala hakuwa na njia ya kuiona karatasi ya mjini. Muuza duka la dawa aliuziwa maneno na mzee mwenye magoti. Ukiwaweka wote mahakamani, wote wanakwenda nyumbani.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla hospitali haijafika mlimani. Mfongo unaoleta maji kutoka msituni mpaka vihambani unapita kwa watu wengi, na kila mmoja ana kipande chake cha kusafisha. Baba yangu alikuwa akisema kwamba mfongo unaweza kusafishwa wote na maji yasifike. Panya huchimba kwenye mpaka, mahali ambapo wa juu anasema ni pa wa chini na wa chini anasema ni pa wa juu. Ndiyo maana palikuwa na mtu wa kuutembea. Hakuwa na kipande chake. Kazi yake ilikuwa kuanza juu kwenye banio na kushuka kwa miguu mpaka mwisho akifuata maji, na alipokuta pamevuja alipiga kelele hadi watu watoke. Hakuna aliyemwona kuwa mtaalamu, na kwenye kikao alikaa karibu na mlango kama wengine. Lakini aliposhindwa kutembea wiki mbili, kijiji kizima kilijua kwa migomba.

Basi nimefika kuamini hivi, na naomba mwenye kuona vingine anisahihishe: deni la katikati haligawanyiki. Huwezi kulikata vipande vinne ukampa kila mmoja robo. Linabaki zima, limelala njiani, mpaka mtu mmoja alichukue na kusema ni langu. Na upendo unaoagizwa na Bwana una sehemu hiyo ndani yake, ya kuchukua deni ambalo hakuna mahakama ingekudai. Msamaria hakuwa na kipande katika barabara ile. Hata taifa lake halikuwa la pale.

Nisipolisema kanisa nitakuwa mnafiki, kwa hiyo niliseme. Mama alikataa mashine kwa sababu nyingi, umri na nauli zikiwemo. Lakini mojawapo ilikuwa ile Jumapili ya mkungu. Tulimshangilia kama mtu aliyevuka ng'ambo, na baada ya hapo hakuwa na mahali pa kusimama na kusema bado anameza vidonge saba kwa siku. Nani atoe ushuhuda wa presha? Katika ibada zetu kuna nafasi ya mgonjwa na kuna nafasi ya aliyeponywa. Katikati hapana benchi. Nimezungumza na watu kadhaa waliopona kansa katika mitaa yetu. Wawili waliniambia wanaficha dawa zao wageni wa jumuiya wanapokuja, wasije wakaonekana hawakuamini. Mmoja aliziacha kabisa kwa mwezi mzima baada ya mkutano wa maombi.

Hili si geni kwetu. Mwaka 2011 nusu ya Tanzania ilipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, wa kanisa letu hili, kunywa kikombe cha shilingi 500 kilichosemwa kutibu ukimwi, kansa, kisukari, presha na pumu. Mama alikwenda. Walikodi Land Rover watu tisa, wakalala njiani siku mbili. Aliporudi aliacha vidonge vya presha miezi minne, mpaka alipoanguka jikoni. Kwa miaka mingi nilisimulia habari hiyo kama kichekesho. Siku moja, akiwa tayari na kansa, nilimtania nayo tukiwa kwenye benchi la kliniki. Hakucheka. Alisema, “Yule babu hakuniuliza nimetoka kliniki gani. Alinipa kikombe kimoja.”

Nimeitafakari sana sentensi hiyo. Kikombe hakikumponya, na waliokufa kwa kuacha dawa tuliwazika. Lakini kiu iliyompeleka Samunge haikuwa ya kipumbavu. Alitaka, mara moja katika maisha yake ya ugonjwa, mtu mmoja amwangalie yeye wote. Tulipokosa kumpa hilo kwa dawa za kweli, alilifuata mahali pengine. Yule mwanamke wa Marko sura ya 5, aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, alikuwa amepita kwa waganga wengi na kumaliza mali yake. Nadhani naye alikuwa na bahasha. Bwana alipomsimamisha mbele ya watu, alimpa nafasi ya kueleza habari yake yote, tangu mwanzo, na mkutano mzima ukasubiri, na Yairo mwenye haraka akasubiri.

Kuna mahali katika kanisa ambapo jambo hili linafanyika, tena vizuri. Ni katika tiba shufaa, huduma ambayo katika KKKT ilianzia Selian, Arusha, na kufika hospitali nyingine za kanisa. Walikuja nyumbani kwa mama miezi ile ya mwisho. Walikaa kwenye kigoda. Waliuliza habari za maumivu, na za usingizi, na za choo, na za deni la ada ya mjukuu, na kama kuna mtu amekosana naye. Walisoma karatasi zote. Waliondoa dawa nne ambazo hazikuwa na kazi tena. Mama akaniambia walipoondoka, “Hawa wangekuja mapema.” Nami nauliza kwa heshima yote: kwa nini mtu asubiri kufa ndipo aonwe mzima?

Najua pingamizi, maana nililetewa kikaoni. Mama mmoja mzee wa kanisa alisema, “Mwalimu, unataka jumuiya ishike mafaili ya watu? Unatufahamu sisi?” Watu walicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Mwenye kansa ya mlango wa kizazi ambaye pia ana kadi ya CTC akitoa habari yake kwenye jumuiya ya watu kumi na watano, itafika sokoni Kiboriloni kabla ya yeye mwenyewe. Kuunganisha matibabu ni kusema habari za mtu, na habari za mtu zinaweza kumuua kwa njia nyingine. Kwa hiyo nimeacha kusema jumuiya. Nasema mtu mmoja. Anayechaguliwa na mgonjwa mwenyewe, si na kikao, na anayeweza kuachishwa na mgonjwa siku yoyote bila maelezo. Wenzetu wanaotumia dawa za virusi wamezoea kwa muda mrefu kuwa na msaidizi wa namna hiyo. Sioni kwa nini aliyepona kansa asiwe naye.

Baada ya msiba, mzee mmoja wa mtaani kwetu alinifuata. Alitibiwa tezi dume, bado anachoma sindano, na ana kisukari na macho yanayofifia. Aliniambia, “Mwalimu, nasikia unasoma karatasi.” Nikamwambia sijui kusoma hizo karatasi. Akasema, “Basi zibebe huku umezifungua.” Tulinunua daftari la kawaida la shule, kurasa 96. Ukurasa wa kwanza ni magonjwa yake yote. Wa pili ni dawa zote, nani aliandika, lini, za nini. Unaofuata ni namba za vipimo, kwa tarehe, kwa mwandiko mkubwa. Nyuma ni maswali. Daftari ni lake, linalala kwake, chini ya godoro. Kliniki ya kwanza daktari aliliangalia kwa mashaka. Ya pili aliliomba kabla ya kufungua faili. Tulikuta kwamba anameza dawa moja ya presha mara mbili, kwa majina mawili tofauti, kutoka sehemu mbili. Ilichukua dakika kumi kugundua na alikuwa amezimeza miezi mitano.

Si kazi nyepesi. Kuna siku sitaki kwenda. Mzee ni mbishi, anasimulia habari za KNCU na kahawa ya zamani mpaka zamu yake inapita, na miezi mitatu ya kwanza alinificha habari ya mbege. Mwezi uliopita, tukiwa tunapanda bodaboda, akaniambia bila kuniangalia, “Andika na mbege.” Nikaandika: lita, na siku.

Jumanne ijayo tunarudi mjini. Jana jioni tulikaa barazani kwake, mlima ukiwa umefunguka, tukaandaa ukurasa wa maswali. Aliniambia niulize kama sindano ndiyo inayopandisha sukari. Aliniambia niulize habari ya maumivu ya nyonga. Kisha akakaa kimya kwa muda, akaniamuru niandike la tatu kama alivyolisema, nisilinyooshe kama mwalimu. Limeandikwa hivi: “Nyie wote mliopo humu, daktari wangu ni yupi?”